Kengele Waliyomnyima Eliya

Kisauni, mchana wa kuamkia safari yako

Mwanangu Dorika,

Umekwenda Kongowea kuwaaga shangazi zako, na nawajua wale, hawatakuachia mpaka umekula kwa kila mmoja. Basi nina nafasi. Pasi nimeimwaga makaa, na nguo za Wazungu wa Nyali zitangoja. Kesho wavae zenye mikunjo, hawatakufa. Nakuandikia, ingawa tunalala nyumba moja, kwa sababu haya nikiyasema kwa mdomo nitapiga kelele. Nikipiga kelele utanyamaza, na siku hizi ukinyamaza naogopa.

Mambo ya kufua sare, kuficha sabuni isiibwe na kumsalimu kila mkubwa unayekutana naye unayajua. Sitayarudia. Nataka kukueleza habari za kaka yako Eliya, na nataka uzisome leo kabla hujalala, usingoje kufika shuleni.

Wewe tulikuambia alikufa kwa homa. Ulikuwa mdogo, bado ukikalia goti la baba yako akirudi kazini Changamwe. Nadhani umejua siku nyingi kwamba haikuwa homa. Eliya alijitoa uhai, Dorika. Ilikuwa wakati wa vita, likizo ikiisha, siku ya kuamkia kurudi shule, na sanduku lake lilikuwa limekwisha fungwa, limewekwa mlangoni. Katika nyumba hii hakuna aliyepata kulitamka neno hilo. Nimeliandika sasa, na mkono haukukatika.

Na shule aliyokuwa akisoma ndiyo hiyo unayokwenda kesho. Watu wa kijiji wananishangaa. Wanasema Mama Eliya ana moyo mgumu, amempeleka wa pili palipommaliza wa kwanza. Waache waseme, maana safari hii hawakukosea sana. Walipofungua darasa la wasichana wa ualimu, mimi ndiye niliyemsumbua pasta mpaka akakuandikia. Ulidhani nafanya hivyo kwa sababu tangu utotoni unawapanga watoto wa jirani na kuwafundisha herufi kwa mkaa. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni Mwalimu Zefania, aliyemfundisha Eliya. Bado yuko pale, na sasa wamempa usimamizi wa mabweni, mshahara umepanda, koti jipya. Nilitaka akuone. Mmefanana na kaka yako mpaka kwenye nyusi, na nilitaka kila asubuhi akiita majina akutane na sura ile, asipate pa kutazama.

Ndiyo maana sanduku la bati nililokupa ni lile lile la Eliya, na jina lake lipo juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe. Uliponiomba tulipake rangi upya nilikukaripia, nikasema rangi ni ghali. Uongo. Nilitaka yule bwana alisome.

Sasa nikueleze alifanya nini.

Unajua sisi ni wajukuu wa mateka. Bibi yangu Yuliana aliletwa hapa Kisauni akiwa mtoto, baada ya kutolewa katika chombo cha watumwa. Hakulijua jina la mama yake wala la kwao. Misheni ikampa jina, kiwanja na kitabu cha sala. Wenzetu wa hapa pwani wana mbari zao na makaburi ya wazee wao. Sisi tuna kanisa na kengele. Ukiulizwa kabila unajibu mtu wa misheni, na wengi wanaridhika, na wasioridhika wanatuita majina mengine ambayo sitayaandika.

Katika shule ile kulikuwa na desturi, na nasikia ipo mpaka leo. Jioni ya kwanza mwanafunzi mgeni husimama mbele ya ukumbi wa chakula na kuwataja watu wake. Wakubwa wa kabila hilo huinuka kwa nyimbo, wanambebea sanduku, wanampeleka meza yao, na kuanzia hapo ana kaka wa kumtetea. Ni desturi nzuri kwa mwenye watu. Eliya alisimama akasema, "Mimi ni Eliya wa Kisauni."

Mwalimu Zefania akamwambia, "Kisauni ni mahali. Nimekuuliza watu wako."

"Watu wa misheni, mwalimu."

Yule bwana akacheka. Akasema, "Hao si watu, hao ni shehena iliyoshushwa. Kakae pale karibu na masanduku."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu jioni hiyo jina la mwanangu likawa Shehena, na chakula chake akakila karibu na masanduku, muhula baada ya muhula, na hakuna mtu mzima aliyemwambia ainuke.

Haya niliyasikia baada ya mazishi, kwa Petro, kijana aliyesoma naye. Lakini nisiseme kwamba Eliya hakuniambia. Alijaribu. Likizo ya kwanza alikuja akasimama mlangoni nikipiga pasi, akasema, "Mama, kule hawanitaki." Nami sikuinua hata kichwa. Nikamwambia, "Bibi yako aliona makubwa."

Unalijua neno hilo. Hakuna nyumba ya misheni isiyolijua. Mtoto akianguka, bibi aliona makubwa. Akilala na njaa, akichapwa, akionewa barabarani, bibi aliona makubwa. Tulidhani tunawapa watoto ushujaa, kumbe tunawafunga midomo. Mtoto gani ataleta dhiki yake ya shule aipime na mtu aliyefungwa shingo na kuuzwa? Ataona haya, atarudi nayo kimya. Watu wenye mbari zao wana makosa yao. Hili ni letu peke yetu. Mimi nililipata kwa mama yangu. Nimejaribu sana kukumbuka kama bibi Yuliana mwenyewe aliwahi kulisema, na sikumbuki. Mimi nikilia alikuwa akinipakata, ananiuliza, "Wapi pauma?" Yeye aliyeyaona hayo makubwa alikuwa akiuliza wapi pauma.

Likizo ile ya mwisho Eliya alibadilika. Alikuwa sauti ya tatu katika kwaya, akaacha kwenda. Akawa analala mchana, chakula anakivurugavuruga tu. Nilimwita mvivu. Halafu, juma la mwisho, akachangamka ghafla. Akamtengenezea baba yako kiti kilichovunjika, akakubeba wewe mgongoni mpaka Nyali kwenye daraja na kurudi, akaanza kugawa vitu vyake. Nikasema moyoni, mtoto amepona. Akanikuta hapa hapa mezani akaniambia, "Mama, hamtahangaika tena kwa ajili yangu." Nikamjibu, kwa furaha, Dorika, kwa furaha, "Sasa umekuwa mtu mzima."

Siku ya msiba watu wakaanza kuja na vile vitu. Petro alileta kinanda cha mdomo. Binti wa kwaya akaleta kitabu cha nyimbo chenye jina la Eliya ndani. Mzee Athmani, jirani yetu, ambaye ndiye aliyewahi kufika kuliko wazee wote wa kanisa, alitoa kisu kidogo cha kukunja mfukoni mwa kanzu yake. "Alinipa juzi, Mama Eliya," akasema. "Wallahi nalidhani ananikirimu tu. Lau ningalijua ningalimshika mkono nikamleta kwako." Nikavipanga vitu vile juu ya mkeka. Kila mmoja alikuwa amepewa kipande cha habari, akashukuru, akaenda nacho kwake. Mimi nilipewa kile cha maneno, kilichokuwa wazi kuliko vyote, na mimi ndiye mama.

Halafu ikaja habari ya kengele.

Kengele ile, bibi alinieleza, ilitundikwa zamani za mateka. Wakamata watumwa wakionekana, inapigwa mbio mbio, kila mtu anamnyakua mtoto na kukimbia. Siku hizi ni ya ibada na ya wafu. Mtu wetu akifa inapigwa moja moja, taratibu, na shambani watu wanasimamisha majembe. Hata walevi wamepigiwa. Hata yule aliyeiba sadaka. Baba yako alikwenda kuomba ipigwe, akarudi akiwa ameshika kofia kifuani. Mzee Stefano, kiongozi wa wazee wa kanisa, alikuwa amemwambia kengele si ya watu waliokufa namna hiyo. Kaburi pia alitupa la pembeni, nje ya ua, kwenye michongoma.

Kulikuwa na barua pia kutoka shuleni. Mwalimu Zefania alitupa pole, akaandika kwamba kijana alikuwa na tabia dhaifu, kama ilivyo kawaida ya watu wasio na asili. Niliisoma nikaitia kwenye pasi, juu ya makaa, nikapigia nguo.

Kesho yake nikaenda kanisani nikaishika ile kamba. Sikupiga moja moja. Nilipiga mbio mbio, kama zamani za mateka, kwa nguvu za mikono iliyokamua nguo za watu maisha yake yote. Ulikuwa wakati wa vita na tulikuwa tumekatazwa kupiga ovyo, watu wasidhani ndege za adui zimefika. Basi kijiji kizima kikatoka. Wanawake na watoto viunoni, wanaume na mapanga, Mzee Athmani na bakora yake. Mzee Stefano akaja akikimbia na kiatu kimoja, akanikemea, "We mwanamke, una wazimu? Adui yuko wapi?"

Nikamwambia, "Amekwisha ingia. Ameshachukua mtoto. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Walinitenga na meza ya Bwana. Nami nikawatenga na pasi yangu. Unakumbuka nilikuwa nafua nguo za madhabahu? Nilizirudisha mbichi, zimekunjwa ndani ya beseni, nikaliacha beseni mlangoni kwa Stefano. Salamu yangu hajaipata mpaka leo. Mkewe alipofariki nilikwenda mazishini, nikakaa mbele kabisa, nikamtazama usoni kengele ikilia tangu mlio wa kwanza hadi wa mwisho, na alijua ninachomwambia. Watu walipoanza kuniita Mama Dorika, ili jina la Eliya life vizuri, nilikuwa siitiki. Mpaka wakaacha.

Sijasamehe. Nakuambia ukweli, usije ukadhani barua hii inaelekea huko. Pasta akihubiri msamaha mimi huhesabu boriti za paa. Simtakii Zefania kifo; namtakia maisha marefu, na katika kila chakula atakachokaa kula amwone mtoto mmoja karibu na masanduku. Najua pia kwamba si yeye peke yake. Kaka yako alikuwa na giza ambalo pengine lingekuja hata pasipo yule bwana, sijui, hakuna wa kunieleza. Ila chuki ni rahisi kuibeba ikiwa na sura moja, nami nilimchagua yeye, nikambeba miaka yote hii, nikikulea wewe huku namtazama yeye.

Nikafika mahali pa kukufunga wewe kwenye sanduku nikutume kama risasi.

Juma lililopita uliacha wali wako wa nazi, wewe ambaye hukomba sufuria kwa mkono. Siku ya pili ukaacha tena. Nikakuuliza, "Dorika, una nini?" Ukaniambia, huku unakunja shuka, huku unatabasamu, "Si kitu, mama. Kaka aliona makubwa."

Shuka niliyokuwa nikiipiga pasi iliungua pale pale. Ulidhani nilikasirika kwa sababu ya shuka.

Mwanangu, nilidhani neno lile nililizika na Eliya. Kumbe nimelilea ndani ya nyumba na kulibadilisha jina tu. Kwa hasira zangu nimemfanya kaka yako awe mkubwa mno, kama walivyofanywa bibi zetu, mpaka wewe huwezi kuwa na maumivu yako madogo mbele yake. Miaka yote nimemtafuta aliyemziba mdomo mtoto wangu, na wa pili namziba mwenyewe kwa jina la wa kwanza. Hilo limenitia hasira kuliko yote ya Zefania, na hasira hii sina wa kumrudishia beseni.

Basi nisikilize. Kaka hakuona makubwa. Aliona yake. Nawe una yako, na hata kama ni ya udogo wa kiroboto, nataka kuyasikia.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia. Ukimwona mwenzako anajitenga, ameacha alichokipenda, anasema wengine wangepumzika asipokuwapo, au amechangamka ghafla baada ya huzuni ndefu na anagawa vitu vyake, usimshukuru ukaenda zako. Kaa naye. Muulize kwa neno lenyewe: unafikiria kujiua? Watu wanaliogopa neno hilo, wanadhani ukilitaja unampandikizia mtu. Mimi sikulitaja, na halikumwacha. Akikuapisha usimwambie mtu, vunja kiapo. Akukasirikie akiwa hai. Usimwache peke yake mpaka mmefika kwa mtu mzima mwenye masikio. Kule kuna Naomi, binti wa Mama Rebeka wa hapa kijijini, ameajiriwa zahanati ya shule mwaka huu. Nimekwisha kusema naye. Mlango wake ni wa kwanza, iwe ni kwa ajili ya mwenzako au yako wewe.

Na ikiwa ni wewe, ujue kwamba ile huzuni ni mwongo. Itakuambia sisi tutapumzika ukiondoka. Kaka yako iliweza kumdanganya kwa sababu hakuna aliyeikanusha. Mimi nakanusha. Sijapumzika hata siku moja. Baba yako mpaka leo hakikalii kile kiti alichotengenezewa, na hataki mtu mwingine akikalie.

Sasa habari ya kesho. Nilikuwa nimepanga baba yako akusindikize mpaka stesheni Changamwe, upande gari moshi peke yako na sanduku lako lenye jina la marehemu. Nimebadilisha. Sanduku nimelipaka rangi leo, liko uani, usiliguse halijakauka. Jina lililoandikwa ni Dorika. Nitakupeleka mimi mwenyewe mpaka ndani ya ukumbi ule. Watakapokuuliza watu wako wewe jibu unavyotaka, au kaa kimya, hudaiwi. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako. Yule bwana nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu na mbele ya wanafunzi wake: "Mimi ni Mama Eliya. Watu wa huyu ni mimi. Meza yake ni ipi?" Hicho ni kisasi changu, nakibeba mwenyewe, na nimekingoja kwa hamu nisiyoweza kukuficha. Kazi yako wewe ni kusoma ualimu, kucheka na wenzako na kula wali wako.

Hiyo ni kama unataka kwenda. Kama hutaki, rangi itakauka sanduku likiwa hapa hapa, na hakuna atakayekuuliza sababu. Ukienda, ukashindwa katikati ya muhula, Naomi atakupandisha gari moshi, nawe utarudi nyumbani mchana kweupe, kwa barabara kubwa, na atakayekucheka kijijini atanikuta mimi. Wananijua.

Nipo jikoni. Ukimaliza kusoma usiikunje barua ukalala. Njoo uketi kwenye kibao, mimi nitazima hata moto ili nisipate cha kujishughulisha nacho, na nitakuuliza kama alivyokuwa akiuliza bibi Yuliana, wapi pauma. Halafu nitakuuliza na lile neno lenyewe. Nijibu kweli. Jibu lolote nitalipokea, na sitamtaja mtu yeyote aliyeona makubwa.

Kaka yako nilimpigia kengele akiwa amekwisha kufa. Wewe niambie mapema, niipige ungali hai.

Mimi mama yako,
Mama Eliya, na Mama Dorika